Usimtumie namba tu, piga naye: uzi wa kutafuta msaada kwa anayewaza kujiua (hata kama ni wewe)

Mtulivu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta zaidi ya mara tatu. Leo nauacha.

Kwanza kabisa: kama unayesoma hapa ndiye unayewaza kujiua na wazo liko karibu, achana na uzi kwa sasa. Toka chumba ulichomo, nenda alipo mtu unayemwamini, au piga namba ya dharura ya nchi uliyopo, au nenda hospitali ya karibu yenye kitengo cha dharura. Kile kitu ulichokuwa unakiwazia kiache huko nyuma. Uzi utaukuta ukirudi.

Sasa kilichonileta.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 23. Kwa miezi kadhaa alikuwa anapungua, sina neno jingine: anaongea kidogo, analala mchana, usiku taa ya chumbani kwake haizimwi. Siku moja akanipa nywila ya simu yake bila mimi kuiomba. "Ikae tu kwako," akasema. Wiki hiyohiyo akarudisha vitabu vyote vya watu alivyoazima, hata vile ambavyo wenyewe walishavisahau. Nikashtuka. Nikafanya nililodhani ndilo jukumu langu: nikatafuta namba ya simu ya msaada, nikamtumia kwa ujumbe, na chini yake maneno mawili matatu ya kumtia moyo. Akajibu, "Asante kaka." Nikalala nikiamini nimemaliza.

Zikapita siku tisa. Ile ya tisa niliingia chumbani kwake, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamuuliza: "Unafikiria kujiua?" Alinyamaza muda mrefu. Kulikuwa na uzi umechomoka kwenye foronya ya mto, akawa anauvuta na kuuzungusha kidoleni mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. Kisha akasema ndiyo. Nikamuuliza kama aliwahi kupiga ile namba. Akafungua simu akanionyesha: alipiga mara nne, zote amekata kabla hazijapokelewa. "Kaka, kupiga naweza. Sijui wakipokea nianzie wapi."

Ile namba niliyoona ni msaada, kwake ilikuwa kazi nyingine juu ya kazi ya kubaki hai. Mtu aliyefika pale hana nguvu za kutafuta, kuchagua, kusubiri na kujieleza kwa mgeni. Nguvu hizo zilikuwa kwangu, nami nilikuwa nimelala.

Tukapiga pamoja. Simu tuliilaza kitandani katikati yetu, sauti tumeifungulia nje. Ikaanza kupiga muziki wa kusubirisha, na mkono wake ukawa unaisogelea alama nyekundu. Nikaushika. Walipopokea, sentensi ya kwanza niliisema mimi: "Niko na mdogo wangu, anafikiria kujiua, yuko hapa anakusikia." Baada ya hapo aliongea mwenyewe. Dakika kumi baadaye akaniomba nitoke. Nikakaa sakafuni nje ya mlango, nasikia tu "ndiyo", "hapana", "jana usiku", na mara moja kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake tangu akiwa mtoto.

Wengi wanaogopa simu hizi kwa sababu hawajui wataulizwa nini. Alichoulizwa ni hiki: uko mahali salama sasa hivi? Umeshafikiria njia? Hicho kitu kiko hapo ulipo? Uliwahi kujaribu kabla? Usiku huu utakuwa na nani? Hakuna aliyemhubiria.

Na lile neno. Najua watu wanaogopa kulitamka, wanadhani ukimuuliza mtu kuhusu kujiua unampandikizia wazo. Jambo hili limechunguzwa, ikiwemo kwa wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari huko New York, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Walioulizwa hawakuzidiwa na mawazo hayo kuliko ambao hawakuulizwa. Ninachowaomba ni msiulize ule mtindo wa "huna mpango wa kufanya ujinga, sivyo?" Hapo jibu umeshampa, na umeshamwita mjinga. Uliza kwa neno lenyewe, kisha nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu, uvumilie.

Karibuni mchangie, hasa mnaofanya kazi hospitalini na mliopita huko wenyewe.

Zamu ya Usiku

Mleta uzi, pole, na asante. Mimi ni muuguzi kitengo cha dharura, mwaka wa kumi na moja sasa.

Nianzie mapokezi, maana wengi wanapotelea hapohapo. Mtu anafika na ndugu yake, akiulizwa shida anasema kwa sauti ya chini, "hajisikii vizuri", au "ana msongo wa mawazo". Anaandikwa hivyohivyo na anawekwa nyuma ya foleni. Sema wazi: "Anafikiria kujiua" au "Amejaribu kujiua." Kama unaona aibu kwa sababu ya watu walio nyuma yako, andika kwenye karatasi uipitishe. Tunaisoma.

Njoo na majina ya dawa zote anazotumia. Kisha kaa naye. Asiachwe peke yake kwenye benchi wakati wewe unafuatilia malipo, tafuta mwingine wa kukaa.

Jambo ambalo ningependa lifike kila familia ni hili: hatari haiishii siku ya kuruhusiwa. Siku na wiki za kwanza baada ya kutoka wodini ni miongoni mwa vipindi vya hatari zaidi. Familia imeshapumua, wageni wameacha kuja, na yeye amerudi kwenye chumba kilekile. Kwa hiyo kabla hamjatoka ulizeni: tarehe ya kurudi ni lini (muipate siku hiyohiyo, msikubali kuambiwa "mtapigiwa"), na usiku akizidiwa anampigia nani. Kama ameanzishiwa dawa za sonona, zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Wasio na miaka 25 waangaliwe kwa ukaribu zaidi wiki hizo za mwanzo, na dawa zisikatishwe ghafla bila daktari.

Na muwe mnamkumbuka. Kuna daktari wa San Francisco, Jerome Motto, ambaye kuanzia mwaka 1969 alifuatilia wagonjwa 843 waliokuwa wamelazwa na baadaye wakakataa kuendelea na matibabu. Nusu yao walikuwa wakiandikiwa barua fupi kwa kipindi cha miaka mitano: tunakukumbuka, tunatumaini uko salama, na zaidi ya hapo karibu hakuna. Haziwadai majibu, haziwaambii warudi kliniki. Miaka miwili ya mwanzo, waliokuwa wakipokea barua walikufa kwa kujiua kwa kiwango cha chini kuliko wale wasioandikiwa. Barua tu. Ndugu wakiniuliza, "Sasa sisi tusio wataalamu tufanye nini?", huwa nawasimulia hii.

Nimebaki

Naandika kama niliyekuwa upande wa pili. Ni miaka sita sasa.

Mlio salama mnadhani anayetaka kujiua anataka kufa. Mimi nilitaka yale maumivu yakome, na akili ilikuwa imefunga milango yote ukabaki mmoja. Ukiwa ndani huoni kwamba ni akili iliyofunga, unaona kama ndivyo dunia ilivyo. Ndiyo maana maneno kama "mbona una kila kitu" au "wafikirie wazazi wako" yaliniumiza. Niliwafikiria. Niliamini kabisa kwamba nawapunguzia mzigo.

Kilichonisaidia ni kujua kwamba wimbi linapita. Kilele chake hakikai siku nzima. Kwangu kilikuwa dakika, mara nyingine saa moja au mbili, kisha kinashuka. Anayekuvusha dakika hizo amekuokoa, hata kama matatizo yako yote bado yako palepale. Na ndiyo maana vitu vya hatari kuwa mbali ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Niliwahi kuambiwa kwamba ukimwondolea mtu njia moja atatafuta nyingine. Mimi sikutafuta. Dawa zangu zilikaa kwa dada yangu, ananipa za siku tatu tatu, na usiku ule mbaya wa mwezi wa pili hazikuwepo. Nikalia, nikalala, kukakucha.

Mshauri wangu alinisaidia kuandika mpango wa usalama. Ni mtindo wa wanasaikolojia Barbara Stanley na Gregory Brown, watu wengi duniani wanautumia, na unaenea kwenye karatasi moja. Unaandika dalili zako za kwanza: mimi ni kuacha kuoga na kutojibu simu za dada. Halafu unachoweza kufanya peke yako kujituliza, mahali au watu wa kukutoa kwenye mawazo bila kulazimika kuwaeleza chochote, wale unaoweza kuwaambia ukweli, wataalamu na simu za msaada, na namna ya kufanya mahali unapokaa pawe salama. Unafuata kwa mpangilio huo, ukishindwa hatua moja unakwenda inayofuata. Iandike siku ambayo una afadhali. Siku mbaya mikono haiandiki. Yangu imeshalowa mara mbili na bado iko nyuma ya kasha la simu.

Kwa unayesoma na huna kaka wa kuingia chumbani kwako: sentensi ya kwanza iandike. Mimi niliiandika kwenye simu, nikamfikia daktari, nikamwonyesha kioo bila kufungua mdomo. "Nimekuwa nikifikiria kujiua kila siku tangu mwezi uliopita na naogopa kukaa peke yangu." Alisoma, akasogeza kiti chake karibu, akauliza, "Na leo?" Tukaanzia hapo.

Mja

Samahani wakuu, nina swali na sijui niulize wapi kwingine. Rafiki yangu ameniambia juzi kwamba amechoka kuishi. Kaniapisha nisimwambie mtu yeyote, la sivyo urafiki umekwisha. Tunaishi pamoja. Leo hajatoka kitandani. Je, nikimuuliza akasema ndiyo, na kiapo kile nakifanyaje?

Mtulivu (mleta uzi)

Mja, kivunje. Naandika kwa moyo wote. Urafiki uliokasirika unaweza kutengenezwa, hata kama utachukua mwaka.

Ila usikivunje kwa siri. Mwambie usoni: "Hili siwezi kulibeba peke yangu na sitakubali ulibebe peke yako. Nitamwambia mtu mmoja. Unataka awe nani?" Mwachie achague. Mtu ambaye kila kitu kimemponyoka mkononi, kuchagua hilo moja ni kitu kikubwa. Mdogo wangu alimchagua mwalimu wake wa zamani, mtu ambaye mimi nisingemfikiria kamwe.

Zamu ya Usiku

Naongeza kwa Mja. Akisema ndiyo, muulize mambo mawili zaidi: amefikiria njia gani, na lini. Kama ana njia, anayo karibu, na ana wakati kichwani, hiyo ni dharura ya leo, si ya kusubiri miadi ya wiki ijayo. Usimwache peke yake hata kidogo. Mwombe akupe hicho kitu au kitoke kwenye nyumba, halafu mpige simu au muende hospitali mkiwa wawili. Kama hana njia wala wakati, bado anahitaji mtaalamu, ila mna nafasi ya kupanga.

Na wewe mwenyewe utahitaji mtu. Usilale peke yako na habari hii.

Kalamu Mbili

Mimi nipinge kidogo. Mnasema "piga simu" kana kwamba zinapokelewa. Nilipiga mahali fulani mwaka juzi, nikasubiri dakika ishirini na tano, aliyepokea akaniuliza kama nimejaribu kusali, kisha akasema muda wake umeisha. Sikupiga tena popote kwa miezi saba. Hili nalo lisemwe.

Nimebaki

Lisemwe, Kalamu Mbili, na pole sana. Miezi saba ni mingi kwa mtu aliyekuwa na hali ile. Ulichofanyiwa kilikuwa kibaya, na hakikuwa kipimo cha jinsi unavyostahili kusaidiwa. Mimi mshauri wa kwanza hatukuelewana, wa pili alihama, wa tatu ndiye niliyebaki naye. Natamani ningeambiwa mapema kwamba kubadilisha ni kawaida.

Mtulivu (mleta uzi)

Kalamu Mbili uko sahihi, nilirahisisha. Niweke hapa ninayoyajua.

Simu hizi zina historia ndefu. Mwaka 1953 kasisi mmoja wa London, Chad Varah, alianzisha huduma ya simu kwa wanaowaza kujiua, ndiyo iliyokuja kuwa Samaritans. Watu wakawa wengi wanaomsubiri, akaweka watu wa kawaida wa kujitolea wakae nao kwenye foleni. Baada ya muda ikaonekana wengi wakishaongea na wale wasaidizi hawana tena haja ya kumwona yeye. Mwaka uliofuata kazi ya kusikiliza akawaachia. Kwa hiyo anayepokea mara nyingi ni mtu wa kujitolea aliyefundishwa kusikiliza. Wengi ni wazuri sana, na ukikutana na asiyefaa, kata, piga tena baadaye au piga kwingine.

Uingereza na Ireland namba ya Samaritans ni 116 123, bure. Marekani ni 988 tangu Julai 2022, kupiga au ujumbe wa maandishi, na Kanada nao wanatumia 988 tangu 2023. Nchi nyingine tafuteni kwenye tovuti ya Befrienders Worldwide (befrienders.org) au findahelpline.com, unachagua nchi unapata orodha, pamoja na huduma za kuandikiana kwa wanaoshindwa kuongea. Na tafuta leo, kabla hujaihitaji. Namba nyingine hubadilika au zina saa maalumu. Ijaribu, ihifadhi, kisha weka na ya pili.

Dada Mkubwa

Mimi naogopa polisi. Kwetu nimesikia aliyejaribu kujiua anashtakiwa. Watu wanakaa na ndugu zao ndani kwa sababu hiyo.

Zamu ya Usiku

Dada, hofu hiyo ina msingi, zipo nchi ambazo sheria hiyo bado iko vitabuni. Lakini zinaendelea kuiacha: Pakistan mwaka 2022, Ghana na Malaysia mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kile kinapingana na katiba. Sheria hizi ziliandikwa kana kwamba mgonjwa ni mhalifu, na matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu: watu wanaletwa wamechelewa, na maelezo ya uongo.

Ninachoweza kukuambia ni kwamba mtu anayefikiria kujiua, ambaye hajajaribu, anakwenda kwa daktari kama mgonjwa mwingine yeyote. Nenda naye mapema. Na kama tayari kuna jeraha au amemeza kitu, uhai kwanza. Mambo ya sheria yatatafutiwa mwanasheria akiwa hai.

Wa Mwisho Kuzaliwa

Nimesoma wote. Mimi nilimuuliza. Nilikaa naye. Nilimpeleka, nikampeleka tena. Dada yangu alikufa kwa kujiua mwezi wa nne mwaka jana. Sijui niwaambie nini, nimeona tu niandike.

Mtulivu (mleta uzi)

Pole sana, ndugu yangu. Nimekaa na ujumbe wako muda kabla ya kujibu. Nisamehe kama uzi wangu umesomeka kana kwamba ukiuliza na ukakaa, basi atapona. Shirika la Afya Duniani linasema wanaokufa kwa kujiua ni zaidi ya 720,000 kila mwaka, na wengi nyuma yao wana mtu kama wewe aliyefanya yote.

Ulimpa siku ambazo asingekuwa nazo. Na alizitumia akiwa na wewe.

Una mtu wa kuongea naye?

Nimebaki

Wa Mwisho Kuzaliwa, nami niulize kwa neno lenyewe, maana waliofiwa hivi nao huwa hatarini: je, wewe unawaza kujiua?

Wa Mwisho Kuzaliwa

Siku za mwanzo, ndiyo. Sasa hapana. Asante kwa kuuliza, hakuna aliyewahi kuniuliza. Watu wanauliza habari za mama tu. Nimeanza kwenda kwenye kikundi cha waliofiwa kwa kujiua, ni Alhamisi. Wiki mbili za kwanza sikusema kitu, nilikaa karibu na mlango. Hawakunilazimisha.

Dada Mkubwa

Endelea kwenda. Ukikaa karibu na mlango nenda hivyohivyo.

Mja

Nimemuuliza. Nilisubiri hadi aamke. Nilitetemeka kuliko yeye. Amesema ndiyo, na njia anayo, na alisema ni leo au kesho. Kile kitu nimempa jirani. Kamchagua shangazi yake, nimempigia, anakuja. Sisi tuko kwenye gari tunaelekea hospitali. Amelaza kichwa begani kwangu, haongei.

Nikifika dirishani nasema nini tena?

Zamu ya Usiku

"Anafikiria kujiua, ana njia, alipanga leo au kesho." Hivyohivyo, kwa sauti. Kisha usiuachie mkono wake mpaka shangazi afike.